Bi Spoke Ametoka

BRASHI: Haloo! Nani mwenzangu? Sema haraka, niko juu ya ngazi na mkono mmoja umeshika brashi.

FUNDI: Ni mimi.

BRASHI: Mimi wako wengi.

FUNDI: Fundi! Fundi wa nguo. Brashi, tafadhali usipige kelele—

BRASHI: Aaa, Fundi! Habari za tangu juzi? Mbona unanong'ona hivyo, umeibiwa sauti?

FUNDI: Niko kwenye kile chumba cha kujaribia nguo. Nimefunga pazia.

BRASHI: Unajaribu nguo?

FUNDI: Nimejificha.

BRASHI: Dukani kwako mwenyewe?

FUNDI: Dukani kwangu mwenyewe. Kazi inaendeleaje?

BRASHI: Kazi nzuri. Nachora jino.

FUNDI: Jino?

BRASHI: Ukuta wa shule. Jino kubwa, limeshika mswaki, linacheka. Mwalimu Mkuu anataka liwe na uso wa upole. Sasa wewe umewahi kuona jino lenye upole? Nimelichora mara mbili, mara zote mbili limetoka kama askari wa—

FUNDI: Brashi. Lile neno uliloniandikia ukutani.

BRASHI: Lipi?

FUNDI: Lile la Kiingereza. BESPOKE. Maana yake nini?

(upepo)

BRASHI: Kwani wewe hujui?

FUNDI: Ningejua ningekupigia?

BRASHI: Duka lako, ukuta wako, wiki ya pili hii mji mzima unalisoma, na leo ndiyo unaniuliza maana?

FUNDI: Mimi nilikwambia andika FUNDI MAKINI. Basi! Nikaenda kununua vifungo. Narudi nakuta FUNDI MAKINI, na chini yake limelala hilo dude.

BRASHI: Nafasi ilibaki, ndugu yangu. Mimi siwezi kuacha ukuta una nafasi, usiku sipati usingizi. Nikapima kwa rula, nikaona zinaingia herufi saba. Nikatafuta neno la herufi saba.

FUNDI: Ukalitafuta wapi?

BRASHI: Si pale pale kwako? Lile gazeti la picha ulilofungia bitana. Kuna jamaa amevaa suti ya buluu, anatazama pembeni kama ameitwa na mtu asiyempenda. Chini yake wameandika BESPOKE kwa herufi nzuri kweli. Nikajua ndilo jina lake.

FUNDI: Jina la nani?

BRASHI: La yule jamaa.

FUNDI: Yaani umeniandikia jina la mwanamume nisiyemjua juu ya mlango wangu?

BRASHI: Mwanamume maridadi lakini. Usisahau hilo.

FUNDI: Na kulikata katikati? Hilo nalo ulilitoa gazetini?

BRASHI: Hapo unanionea. Sikulikata mimi, limekatwa na lile bomba la maji ya mvua. Linashuka hapo hapo! Nikaona bora BE ikae huku, SPOKE ikae kule, bomba lipite zake katikati. Kazi safi.

FUNDI: Kazi safi imeniua. Watu hawasomi BESPOKE. Wanasoma BE, wanaona bomba, wanasoma SPOKE. Na kila aliyekaa darasani hata mwaka mmoja anajua hiyo BE kwa Kiingereza hutamkwa Bi. Bi Spoke, Brashi! Bi, kama Bi Harusi. Spoke.

BRASHI: (anacheka) Eh! Bi Spoke! Hilo sikuliona kab—

FUNDI: Usicheke! Unajua nimepokea baiskeli ngapi?

BRASHI: Baiskeli za nini?

FUNDI: Za spoku, zile njiti za gurudumu! Mtu anaona SPOKE, anajua hapa zinatengenezwa spoku za baiskeli. Nina gurudumu moja hapa limeegemea meza ya pasi, mwenyewe kaliweka akaondoka mbio, kasema Bi Spoke akirudi analijua. Na mzee mmoja alinishika nusu saa: "Mwanangu, mimi niitie Bi Spoke mwenyewe, nasikia ana mkono mwepesi." Nasikia! Kasikia wapi?

BRASHI: Sifa njema hizo zinasafiri.

FUNDI: Sifa za nani, Brashi? Hayupo! Mwanzo nilikuwa naeleza. Nasema, hapana, hili ni duka la nguo, hakuna bibi, hilo ni neno tu la mchoraji. Nikieleza dakika kumi, nageuka, shati la mtu limeungua. Nikatafuta njia ya mkato. Mtu akiuliza "Bi Spoke yupo?" namjibu "Ametoka." Anageuza baiskeli, anakwenda zake. Wiki nzima hiyo, "Ametoka, ametoka", hata sinyanyui kichwa kwenye cherehani.

BRASHI: Akili hiyo! Sasa tatizo liko wapi?

FUNDI: Leo amekuja Dada Mkubwa.

BRASHI: Dada Mkubwa yupi?

FUNDI: Dada yake Mkunga.

BRASHI: Mkunga wako?

FUNDI: Bado si wangu, ndilo ninalokwambia. Ile barua ya posa niliyomwandikia—

BRASHI: Naijua sana. Uliiandika mara sita. Ile ya sita mimi ndiye niliyekuchorea maua pembeni.

FUNDI: Maua uliyochora alidhani ni kabichi. Sikiliza. Alisema jibu atalileta dada yake leo mchana, kwa mkono. Basi saa tisa dada huyo hapo. Mama mzito wa mwili na wa maneno, mkoba mweusi, viatu vinang'aa. Kasimama mlangoni. Kafungua mkoba, katoa bahasha. Nimeiona kwa macho haya, nyeupe, imebandikwa vizuri. Kanyoosha mkono hivi. Na mimi nikanyoosha wangu. Mikono ikiwa bado hewani, akainua macho, akasoma ukuta.

BRASHI: Ohoo.

FUNDI: Akaniuliza, "Bi Spoke ndiye nani?"

BRASHI: Nawe ukamweleza kwamba ni neno la—

FUNDI: Nikamwambia ametoka.

(mtandao unakwaruza)

BRASHI: Fundi.

FUNDI: Mdomo, Brashi! Mdomo ulitangulia!

BRASHI: Na bahasha?

FUNDI: Imerudi mkobani. Nimesikia mkoba ulivyofungwa, ta! Kavuta benchi, kakaa. Kasema, "Basi nitamngoja." Ndipo nami nikasema nakwenda kutafuta pini huku nyuma.

BRASHI: Una dakika ngapi unatafuta pini?

FUNDI: Robo saa.

BRASHI: Hebu subiri, nibadilishe mguu. (ngazi inalia) Haya. Mwambie amekufa.

FUNDI: Nani?

BRASHI: Bi Spoke.

FUNDI: Nimemwambia ametoka sasa hivi!

BRASHI: Ajali huwa za ghafla.

FUNDI: Nianze na msiba? Ataniuliza nimezika wapi!

BRASHI: Basi lile sanamu lako la dirishani, lililovaa gauni. Mwambie hilo ndilo Bi Spoke, unaliita hivyo kwa utani.

FUNDI: Sanamu halina kichwa.

BRASHI: Ndiyo maana hujawahi kugombana na—

FUNDI: Brashi, mimi nina miaka hamsini na moja. Nguo za maharusi nimeshona mpaka sikumbuki idadi, za watu wengine zote. Huyu mwanamke alikuja kuongeza mifuko kwenye gauni lake la kazi. Miwili, mmoja wa mkasi na mmoja wa saa. Nikaweka mitatu. Akarudi kuniuliza, huu wa tatu wa nini? Nikamwambia sijui, nimeona tu utapata cha kuweka.

BRASHI: Akasemaje?

FUNDI: Alichukua gauni akaenda zake. Wiki iliyofuata akapita kunionyesha. Ameweka peremende. Akanipa moja.

BRASHI: Hukunisimulia hilo.

FUNDI: Ningekusimulia ungelichora ukutani. Sasa nasema hivi: kumdanganya dada yake sitaki. Nataka kutoka hapa nimwambie kweli, kwamba hilo si jina la mtu, ni neno. Ataniuliza, neno gani? Nitasema sijui? Mtu asiyejua alichoandika juu ya mlango wake, akabidhiwe mdogo wa watu?

BRASHI: Hapo una haki. Ngoja. Hapa si shule? Walimu wana kamusi. (kwa mbali) Mwalimu! Samahani, Mwalimu! Ile kamusi kubwa ya Kiingereza! (karibu) Anasema ipo, lakini ndiyo wanayozuilia mlango.

FUNDI: Mwambie aitoe.

BRASHI: Anasema akiitoa, mlango utabamiza.

FUNDI: Ubamize!

BRASHI: (kwa mbali) Ubamize tu, Mwalimu! Ni suala la ndoa! Si yangu! (karibu) Anaitoa.

(mlango unabamiza)

FUNDI: Nini hicho?

BRASHI: Mlango. Fundi, huyu ni mwalimu wa Hesabu, kwa hiyo tuvumiliane naye kidogo. Anatafuta. B. Ndevu... kitanda... nyuki...

FUNDI: Nyuki?

BRASHI: Ndiyo zinavyofuatana. Nyama ya ng'ombe...

FUNDI: Usinisomee kitabu kizima, bwana! Yule mama ameanza kugonga benchi kwa vidole!

BRASHI: Amelipata! Limeandikwa kama nilivyoandika mimi, hakuna hata herufi moja niliyokosea. Tena pamoja, bila bomba.

FUNDI: Maana!

BRASHI: Anasema kwanza tulitenganishe. Ile BE mbele ni kiambishi.

FUNDI: Si bibi?

BRASHI: Si bibi. Na SPOKE ni "alisema".

FUNDI: Nani alisema?

BRASHI: Haijaandikwa nani. Alisema tu, wakati uliopita.

FUNDI: Na spoku za baiskeli?

BRASHI: (kwa mbali) Mwalimu, na za baiskeli? (karibu) Anasema hizo ziko mbele huko, kwenye S, zina ukoo wao. Zimefanana sura tu, hazijuani.

FUNDI: Haya. Alisema nini, sasa?

BRASHI: Anasema ni neno kongwe, hapo zamani za kale lilimaanisha... (mawimbi) ...kumse... (mawimbi)

FUNDI: Sikusikii! Kumse nini?

BRASHI: Kumsema mtu! Kumsema vibaya! Kumlalamikia!

FUNDI: Yaa! Umeniandikia usengenyaji juu ya mlango?

BRASHI: Tulia, hiyo ni ya zamani sana, hata babu yake Mwalimu hakuikuta. Baadaye likageuka. Kutoka kumsema mtu, likawa kukisemea kitu.

FUNDI: Kukisemea vipi?

BRASHI: Ngoja anasoma. (mlango unabamiza) Mwalimu, weka hata kiti! (karibu) Eh. Kusema mapema kwamba kitu hiki ni changu, mtu asikiguse. Kuagiza. Wanasema mafundi wa nguo wa huko kwao, mteja alikuwa akiingia anaona majora ya vitambaa yamepangwa, ananyoosha kidole: hiki hapa, nishonee kwa vipimo vyangu. Basi kitambaa kile kimesemewa. Hata aje tajiri gani, hakipati. Na nguo yake ndiyo inaitwa BESPOKE. Nguo iliyosemewa. Sio zile zinazoning'inia sokoni zikingoja mwili wowote utakaopita.

FUNDI: Nguo iliyosemewa.

BRASHI: Ndiyo.

FUNDI: Lakini hiyo ndiyo kazi yangu.

BRASHI: Eh?

FUNDI: Ndiyo ninayoifanya. Miaka thelathini naifanya, sikujua ina jina.

BRASHI: Basi nilipatia!

FUNDI: Ulikosea ukaangukia penyewe.

BRASHI: Kupatia ni kupatia! (kwa mbali) Mwalimu, nilipatia!

FUNDI: Natoka. Naenda kumwambia. Simu naiweka mfukoni, usikate.

BRASHI: Sema polepole. Nguo iliyosemewa. Usiongeze kitu.

FUNDI: Siongezi kitu.

(pazia linavutwa. mtandao unakwaruza)

BRASHI: ...Haloo?... Mwalimu, jino huwa na nyusi?... Hapana, naona nikiziinua nyusi kidogo upole unaweza kuja... Ametoka kwenda kumwambia... Si mke wangu, nimesema. Mimi wangu anauza mitungi... Haloo?

(pazia linavutwa)

FUNDI: Brashi.

BRASHI: Nipo! Umemwambia?

FUNDI: Nimemwambia.

BRASHI: Ukamwambiaje?

FUNDI: Nikamwambia, Dada, samahani, Bi Spoke si mtu. Hilo neno maana yake nimesemewa.

BRASHI: Nguo zimesemewa.

FUNDI: Nguo nilizisahau.

BRASHI: Fundi!

FUNDI: Macho yake, Brashi! Anakutazama kama anatafuta mshono ulioachia! Akaniuliza, "Umesemewa?" Nikasema ndiyo. "Na nani?" Nikasema na wateja.

BRASHI: Jamani, jamani.

FUNDI: Akauliza, "Wangapi?" Nikasema inategemea na msimu, mwezi mzuri wanafika hata thelathini.

BRASHI: Mungu wangu.

FUNDI: "Wanaume au wanawake?" Nikasema wote, mimi sibagui, ila wanawake huwa wanarudi zaidi.

BRASHI: Subiri nishuke ngazi. Haya si mambo ya kusikiliza mtu akiwa juu.

FUNDI: Kisha nikasema pini bado sijazipata, nikarudi huku.

BRASHI: Yeye sasa anafanya nini?

FUNDI: Sijui. Namwona kwa upenyo wa pazia, mgongo tu. Mkoba ameukumbatia. Brashi, ile bahasha naiona akilini jinsi ilivyokunjam— ssh.

BRASHI: Nini?

FUNDI: Kuna mtu ameingia. Ni yule wa gurudumu. Anamuuliza Dada, "Bi Spoke amerudi?"

BRASHI: Toka umfukuze!

FUNDI: Nikitoka, pini ziko wapi? Dada anamjibu, "Hata mimi namngoja." Amemsogezea nafasi. Wamekaa wote.

BRASHI: Benchi moja?

FUNDI: Benchi moja, gurudumu katikati. Wanaongea. Dada anamuuliza, "Huyu mwanamke yukoje?" Anasema... anasema ni mwanamke hodari sana.

BRASHI: Amwone wapi?

FUNDI: Ngoja. Ndilo Dada analouliza. "Umewahi kumwona kwa macho?" Jamaa anasema... hapana. "Kila nikija ametoka."

BRASHI: Hee.

FUNDI: Ameingia na mama mwingine. Ana baiskeli ya mwanawe. "Bi Spoke yupo?" Dada anamuuliza na yeye, "Unamfahamu?" Mama anasema hajabahatika, amekuja mara tatu, mara zote ametoka. Anasema, "Yule bibi ana shughuli nyingi, maskini, na huyo fundi wake wala hamsaidii."

BRASHI: (anacheka kwa kujizuia)

FUNDI: Huyu mama sijawahi kumkosea hata siku moja! Ssh. Dada amesimama. Analiangalia gurudumu. Anaangalia cherehani. Ameikagua hiyo baiskeli kuanzia kengele mpaka nyuma. Anawaambia... anawaambia, "Ninyi, hapa mnaona jeki? Mnaona pampu? Hapa mbona naona mkasi na chaki tu?"

BRASHI: Huyo mama ana akili.

FUNDI: Mama wa baiskeli anasema vifaa Bi Spoke hutembea navyo.

BRASHI: Lahaula.

FUNDI: Yule mzee naye huyo! Yule wa mkono mwepesi! Brashi, duka limejaa!

BRASHI: Kuna yeyote aliyekuja kushona nguo?

FUNDI: Hakuna hata mmoja. Mzee anabisha. Dada anamwambia, baba, hapa hapatengenezwi baiskeli, hapa pana fundi wa nguo. Mzee anasema ukuta unasema vingine. Dada anamwambia hilo ni neno la kigeni, baba, ni mambo ya... ya kusemewa... Amekumbuka, Brashi! Alikuwa anasikiliza! Mzee hataki. Anasema, "Wewe mwanangu mimi usinizungushe, niitie Bi Spoke mwenyewe." Dada anaeleza tena. Mzee, "Niitie Bi Spoke." Dada anaeleza, mzee, "Bi Spoke mwenyewe." Dada—

BRASHI: Dada nini? Haloo?

FUNDI: Kasema ametoka.

BRASHI: Nani kasema?

FUNDI: Dada! Kwa sauti, Brashi, duka zima. "AMETOKA!" Mzee kaitikia asante, kageuza baiskeli, anakwenda zake.

BRASHI: Na yeye?

FUNDI: Amesimama pale pale. Amejishika mdomo.

BRASHI: Analia?

FUNDI: Mabega yanatikisika. Kwa nyuma siwezi kujua. Yule mama wa baiskeli naye anaondoka. Na jamaa wa gurudumu. Amelichukua gurudumu lake, afadhali. Dada amebaki peke yake. Bado yanatikisika.

BRASHI: Basi anacheka. Mtu akilia mabega hushuka, mimi nimechora sana watu wanaolia.

FUNDI: Ananiita.

BRASHI: Anasemaje?

FUNDI: "Fundi, toka humo ndani, hizo pini hazipo."

BRASHI: Nenda. Simu usiizime. Na safari hii nyamaza, mwache yeye aseme.

FUNDI: Nipe maneno, Brashi.

BRASHI: Sikupi hata moja! Maneno yangu ndiyo yaliyotufikisha hapa!

(pazia linavutwa. nyayo. mtandao unakwaruza)

BRASHI: ...Mwalimu, njoo usikilize... Hapana, mlango uache... Simu imelia, salio lake linaelekea ukingoni... Fundi? Uko hai?

FUNDI: (kwa sauti ndogo) Niko hai. Hakunitukana.

BRASHI: Amekupa bahasha?

FUNDI: Hajaitoa. Amenipita. Yuko kwenye rafu ya vitambaa, amenipa mgongo. Anapapasa. Cheusi... amekiacha. Cha maua... amekiacha. Anasema cha maua ni cha mapazia.

BRASHI: Kweli ni cha mapazia?

FUNDI: Kweli. Ana jicho. Amesimama kwenye cha kijani. Anakivuta. Amejitupia begani. Anajitazama kwenye kioo.

BRASHI: Kinampendeza?

FUNDI: Kinampendeza vibaya sana. Ssh, anasema. Anasema, "Fundi, nichukue vipimo. Hiki nimekisemea mimi, asikiguse mtu. Mdogo wangu hawezi kuolewa mimi nikasimama pale na gauni la mwaka juzi."

BRASHI: Rudia.

FUNDI: "Mdogo wangu hawezi kuolewa—"

BRASHI: (kwa mbali) Mwalimu! Amekubaliwa! Fundi amekubaliwa! (mlango unabamiza) Na bahasha, Fundi? Ifungue, mbona huifungui?

FUNDI: Nimemuuliza. Anasema, "Ya nini tena? Kwani mimi nimesema Kiingereza?" Kaiweka mezani, kaiegemezea pasi.

BRASHI: Hongera! Hongera sana, ndugu yangu! Mbona hushangilii?

FUNDI: Brashi, kile kitambaa cha kijani kina mwenyewe.

BRASHI: Kina nani?

FUNDI: Hakimu. Alikuja mwezi uliopita, akanyoosha kidole: hiki hapa. Hataki nikikate mpaka yeye mwenyewe awepo, hawaamini mafundi. Anakuja leo saa kumi kusimamia mkasi.

BRASHI: Sasa hivi saa ngapi?

FUNDI: Tisa na nusu.

BRASHI: Basi mwambie Dada taratibu tu, samahani, hiki kimeshasemewa—

FUNDI: Nimwambie nini? Leo? Neno lenyewe amelijua dakika kumi, na mara ya kwanza kulitumia nimnyang'anye? Ameshajizungushia mara mbili! Anaimba!

BRASHI: Na Hakimu je? Yule si wa kuambiwa ametoka!

FUNDI: Simu inalia, salio linakwisha. Brashi, fikiri haraka, wewe ndiye uliyelileta hili neno.

BRASHI: Kijani kingine huna?

FUNDI: Sina. Nina cheupe. Jora zima la cheupe, uzito ule ule, mfumo ule ule.

BRASHI: Mimi kitambaa sina. Nina rangi ya kijani. Nusu kopo, ya maji.

(kwa mbali mwanamke anaimba)

FUNDI: Leta.

(simu imekatika)